Pima Nane za Casimir

Mzee Henri alikataa kutia sahihi siku ya Jumatatu asubuhi, tena alikataa kwa adabu, na adabu hiyo ilimuuma Aline kuliko tusi. Alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akavaa miwani yake, akaisoma karatasi ya mipaka kutoka juu mpaka chini bila haraka yoyote. Kisha akaikunja mara mbili kama alivyoipokea, akamrudishia pamoja na kalamu.

"Mama Vanessa, mi siwezi kutia mukono hapa," alisema. "Hii karatasi yenu inapita ndani ya jikoni yangu."

Aline alicheka, maana alidhani ni mzaha. Mzee Henri hakucheka.

"Inapita jikoni namna gani, Mzee? Mupaka si tunaujua wote? Ile minyaa njo wewe mwenyewe uliipanda na baba Vanessa."

"Minyaa ninaijua. Minyaa haiko na shida. Shida ni hii." Aligonga karatasi kwa kidole. "Hapa baliandika metre kumi na sita, kutoka avenyu mpaka kwangu. Mi nilitembea, nikahesabu hatua. Kumi na sita inavuka minyaa, inavuka kamba ya nguo, inafika kwa mafiga. Leo unaniambia tia tu mukono, Mzee, ni karatasi. Kesho Leta, serikali, ikigonga muhuri, Vanessa atakuya kupikia kwangu."

Mzee Henri alikuwa amefanya kazi ya kupima magunia kwenye bandari ya Kazimia kwa miaka ishirini na sita, na mtu aliyesimama mbele ya mizani kwa muda wote huo hapumbazwi na tabasamu. Alimsindikiza Aline mpaka kwenye njia. Mikebuka mitatu, samaki wanono wa ziwani, aliyokuja nayo Aline kwenye kikapu, ya kulainisha mambo, nayo ikarudi naye. Aliipeleka sokoni moja kwa moja akaiuza kwa hasara, kwa sababu hakutaka wifi yake aione inarudi nyumbani.

Hapo ndipo alipokaa kwenye ukingo wa mfereji na kuogopa kwelikweli. Ijumaa saa sita mchana biro ya urbanisme, ofisi ya mipango miji, ilikuwa inafunga kupokea maombi ya vibali vya kujenga. Mlango huo ungefunguliwa tena baada ya miezi mitatu. Na miezi mitatu ilikuwa ni kama kusema kamwe, kwa sababu matofali yao yalikuwa ya udongo mbichi. Matofali elfu tatu na mia mbili, yamepangwa kiwanjani na kufunikwa kwa majani ya mitende na mahema yaliyotoboka. Fedha ya kununua kuni za kuyachoma hawakuwa nayo. Yakishasimama ukutani na kuezekwa bati, yangedumu. Yakinyeshewa pale chini kwa mvua moja tu ya kweli, yangerudi kuwa matope. Na Septemba ilikuwa imeingia. Juu ya milima ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba, mawingu yalikuwa yameanza kukutana kila jioni.

Dosie yenyewe, lile jalada la maombi, ilikuwa imekamilika, isipokuwa sahihi hiyo moja ya jirani. Upande wa nyuma walipakana na shamba la kanisa, na mchungaji alikuwa ametia sahihi akiwa amesimama, bila hata kuuliza. Karatasi nyingine zote Aline alizitafuta mwenyewe, na kila moja ilimfanya amlambe mtu miguu. Barua ya maombi iliandikwa upya mara tatu. Mara ya pili ilikataliwa kwa sababu, wakamwambia, haikuacha nafasi ya kutosha pembeni. Mwenye mashine ya fotokopi alimngojesha siku nzima akitafuta petroli ya jenereta. Mpiga picha alimwambia afunge mdomo, na kwenye picha anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Ili kumlipa Placide, mwalimu wa ujenzi aliyechora plani, aliuza vitenge viwili vya waksi ambavyo hakuwa amevivaa hata mara moja.

Haya yote aliyavumilia. Kwamba yangeishia kwenye mafiga ya Mzee Henri, hilo hakuwa ameliwaza.

* * *

Walikuwa wanaishi kwa Fabien, kaka yake Aline, tangu ziwa lilipopanda na kuingia kwenye nyumba yao ya Lweba. Watu watano chumba kimoja: Aline, mumewe Casimir na watoto watatu, Vanessa akiwa wa kwanza. Fabien alikuwa mtu mwema, lakini wema wake uliishia pale mke wake alipoanza kusema. Tania hakuwa mbaya pia. Alikuwa amechoka na wageni, basi, na mtu aliyechoka na wageni huanza kuchora mistari ya kalamu kwenye chupa ya mafuta.

"Mama Vanessa," alimwambia Aline jioni ile, akiwa ameinua chupa usawa wa macho, "mafuta jana ilikuwa hapa. Leo iko hapa. Sisemi kitu. Ninaonesha tu."

"Nitanunua ingine kesho."

"Sisemi ununue. Na usisahau, mama yangu anatoka Lubondja mwezi wa kumi. Ile chumba, nilisha kumuambia iko yake."

Aline alisema ndiyo, asante. Alikuwa amejifunza kusema asante kwa vitu ambavyo hakupewa.

Casimir aliporudi kutoka ufukweni na kusikia habari za Mzee Henri, alikaa chini akakasirika polepole, kama kawaida yake. Casimir alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, na katika wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani, wa upande wao hakuna aliyekuwa na jina zuri kuliko yeye kwa kazi ya kutengeneza nyavu. Alikuwa na kamba yake yenye mafundo. Kutoka fundo mpaka fundo ni pima moja, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, mikono yake mwenyewe. Mitumbwi sita ilikata nyavu kwa kamba ile na hapakuwa na ugomvi hata siku moja. Walipokinunua kiwanja kwa Mzee Henri mwaka uliopita, kamba ile ile ndiyo iliyopima: pima nane kutoka avenyu, mbele ya mashahidi, na kwenye fundo la nane wakapanda minyaa ya mpaka.

"Donc basi leo kamba yangu inaiba jikoni ya bantu," alisema Casimir. "Aliiona na macho yake. Alishika ncha moja yeye mwenyewe!"

"Hakatae pima," Aline alisema. "Anakataa metre. Anasema metre kumi na sita haiko pale."

"Pima nane ni metre kumi na sita. Pima ni metre mbili. Hata mutoto wa mutu anajua."

Ni kweli, kila mtu mjini Baraka alijua kwamba pima ni mita mbili. Katibu wa kata aliyeandika hati ya mauzo alijua, akaandika: pima nane, sawa na mita kumi na sita. Placide naye alijua. Alichora plani nzuri kwa kufuata hati, akiwa kivulini kwake, bila kufika kiwanjani, kwa sababu jua lilikuwa kali na alikuwa amelipwa kuchora, si kutembea. Kwenye plani yake nyumba ilisimama mita tatu kamili kutoka kwenye mpaka wa jirani, kama sheria ya biro inavyotaka. Na msingi ulikuwa umekwisha kujengwa kwa mawe tangu Julai, kwa kamba ile ile, pima moja na nusu kutoka kwenye minyaa, kabla ya watu wa Leta kuja na rangi nyekundu na kuandika juu yake neno la kuusimamisha, na kuwatoza faini.

Fabien alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza. Alikohoa.

"Mi ningekuwa ninyi," alisema, "ningetia ule mukono mwenyewe. Ni mustari tu na kajina. Kule biro nani anajua mukono wa Mzee Henri?"

Casimir alitazama chini, na Aline akajua mumewe angemwachia yeye aamue, kama alivyomwachia karatasi zote.

Hebu tuseme ukweli: alilifikiria. Aliichukua kalamu, akaifungua, akaitazama ile nafasi nyeupe iliyosubiri jina. Hakuzuiwa na utakatifu wala hofu ya jela. Alichokiona ni jikoni ya Mzee Henri kila asubuhi ya maisha yake yote, mita chache kutoka dirishani kwake, na yule mzee amekaa pale na miwani yake akimtazama akifagia. Akaifunga kalamu.

"Hapana," alisema. "Nitaenda kwa biro. Nitaomba bakuye kupima."

"Umepata wazimu?" Casimir aliruka. "Plani inafuata hati, hati iko na muhuri. Mutu wa Leta akipata tofauti hata ya kidole, anatupa dosie yote!"

"Kama kamba yako iko sawa, tofauti itatoka wapi?"

Casimir aliichukua kamba yake, akaanza kuipima upya fundo kwa fundo.

* * *

Jumanne mwenye biro alikuwa kwenye msiba. Jumatano Aline alikuwa mtu wa kwanza kwenye benchi na wa tisa kuitwa. Bwana Élie, aliyekuwa na kazi ya kukagua viwanja, alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua ya kudumu, na alizungumza huku akitazama karatasi, kama vile karatasi ndiyo iliyokuja kumwona.

"Sahihi ya jirani haiko," alisema.

"Njo kitu inanileta, Chefu. Jirani anakataa vipimo. Niko naomba mukuye na utepe wenu mupime, tujue ukweli."

Bwana Élie aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili.

"Mama, sikiliza. Bantu bananikimbiaka na ule utepe. We unaniita. Nikikuya, ninaandika ile ninakuta. Dosie yako ikisema hivi na udongo ikisema vingine, ninaandika *rejeté*, imekataliwa, na uliniita mwenyewe. Tunasikilizana?"

"Tunasikilizana, Chefu."

"Na moto ya kunibeba iko juu yako."

Aline alilipia pikipiki ya kumpeleka na kumrudisha kwa fedha ya mafuta ya Tania.

* * *

Alhamisi saa nne asubuhi kiwanja kilikuwa na watu kama vile kuna mahari inatolewa. Watu waliokwenda kuchota maji waliweka bidoni zao za maji chini. Mzee Henri alikuja amevaa koti, akasimama upande wake wa minyaa, mikono nyuma. Placide alifika na plani yake ndani ya bahasha ya plastiki. Casimir alisimama kando peke yake, na kamba yake imezungushwa begani, kama shahidi anayengoja kuitwa.

Bwana Élie alipenga kamasi, akampa dereva wa pikipiki ncha ya utepe aishike kwenye avenyu, akatembea na kile kisanduku mpaka kwenye minyaa. Akainama.

"Kumi na tatu, na sitini," alisema.

"Rudilia," Casimir alisema.

Bwana Élie alirudia, akiwa amebadilisha mahali. Mita kumi na tatu na sentimita sitini. Placide aliitoa plani kwenye bahasha, akaitazama, akairudisha taratibu. Mzee Henri alivuta pumzi ndefu.

"Basi jikoni haijaguswa," alisema, na uso wake ukafunguka kwa furaha isiyofichika. "Nilisema! Kumi na sita haiko hapa!"

"We," Bwana Élie alimwita Casimir, "hii pima ni ya mikono ya nani?"

"Yangu."

"Kuya. Nyoosha."

Casimir alisogea katikati ya watu akanyoosha mikono, na mtu wa Leta akaupitisha utepe kifuani mwake, kutoka kidole cha kushoto mpaka kidole cha kulia, kama fundi cherehani. Alisoma, akasoma tena.

"Moja, na sabini."

Kicheko kilipasuka. Mmoja wa wenye bidoni akauliza kwa sauti baba Vanessa zile sentimita nyingine alimwachia nani tumboni mwa mama yake, na hapo hata mchungaji aliyekuwa anapita akageuka kutazama pembeni. Casimir alibaki vilevile, mikono imenyooka, amesahau kuishusha. Aline alimwonea huruma mpaka macho yakamwasha. Alitaka kwenda kumshushia ile mikono kwa mikono yake.

Bwana Élie hakucheka. Alikuwa anabonyeza simu yake.

"Moja na sabini, mara nane," alisema, "kumi na tatu na sitini. *Juste*. Hata kidole haijapotea." Akamtazama Casimir kwa namna mpya. "Kamba yako iko sawa, papa. Karatasi njo iliongopa."

Casimir alishusha mikono.

Mambo yangeweza kuishia hapo, lakini dereva wa pikipiki, ambaye hakuulizwa, alikuwa na akili ya biashara.

"Lakini karatasi iko na muhuri!" alisema. "Kumi na sita ni kumi na sita. Mzee alitia mukono kwa hati. Donc udongo yao inafika kwa jikoni. Aondoe jikoni!"

Mzee Henri aligeuka kwa Bwana Élie, na ile furaha yote ikawa imekwisha kumtoka usoni.

"Ni kweli?"

Bwana Élie aliinua mabega. "Hati iko na sahihi yako, Mzee. Bakienda tribunal, mahakamani, mi sijue. Na kusema wazi, kama mupaka ni kumi na sita, dosie yao haiko na kosa. Nitaipitisha leo."

Kila mtu aliyekuwa pale alielewa. Casimir alielewa. Alimtazama mkewe, na Aline aliona machoni mwake nyumba nzima: kuta, bati, mlango wenye komeo. Ingetosha kusema neno moja. Mita mbili na zaidi za ardhi bure, dosie safi, na hapo hapo kusahau chupa ya mafuta na chumba cha mama yake Tania. Mzee Henri aliitazama jikoni yake, ambayo ilikuwa mabati manne na mafiga matatu, kama mtu anayeiaga. Aline aliona kwamba yule mzee alikuwa ameogopa hivi tangu Jumatatu, na kwamba yeye alikuwa ameuita woga huo ukaidi.

"Tulinunua pima nane," Aline alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nilikuwa hapa. Niliona mikono ya bwana yangu, niliona fundo ya nane. Kumi na sita hatukununua. Chefu, andika kumi na tatu na ile sitini."

"Mama Vanessa," Casimir alisema kwa sauti ya chini. Kisha akaweka kamba yake juu ya matofali. "Aandike. Ni pima nane."

Bwana Élie aliandika. Kisha akafanya kile ambacho Aline alikuwa ameombea asikikumbuke: akapima kutoka ukuta wa msingi mpaka kwenye minyaa.

"Mbili na hamsini na tano," alisema. "Sheria inataka tatu."

"Musingi iko ya mawe, Chefu. Haisogee."

"Ninaona." Alifungua jalada la dosie na kutoa kalamu nyekundu. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu ni saa ya kufunga. Aline aliyatazama matofali, na kwa mara ya kwanza tangu ziwa liwatoe Lweba alifikiri kwamba alikuwa mjinga, mjinga kabisa, aliyetupa nyumba ya watoto wake ili aonekane mtu mzuri mbele ya wachota maji.

"Bwana Élie, ngoja," Mzee Henri alisema.

Alikuwa amevua koti. Alilitundika kwenye kamba yake ya nguo, akaja mpaka kwenye minyaa.

"Inapunguka ngapi?"

"Sentimetre makumi ine na tano."

"Mi nilipima magunia ya bantu Kazimia, miaka makumi mbili na sita," Mzee Henri alisema, na haikujulikana alikuwa anamwambia nani. "Mizani ikisimama pale, nilikuwa naongeza kiganja kimoja juu. Kila gunia. Ili bantu bajue sikubaibia. Hawa niliwauzishia udongo, sikuwaongezea hata kiganja. Halafu nikapita mu mutaa yote nikisema ni bantu ba kuiba." Akaushika mnyaa wa kwanza kwa mikono yote miwili. "Nusu metre. Kutoka huku mpaka kule nyuma. Andika."

Akavuta. Mnyaa uling'oka nusu, ukakatika, na utomvu mweupe, ule unaopofusha macho, ukaruka.

"Mzee, macho!" Aline alipiga kelele, akamrukia na kumfunika uso kwa kitenge chake. Walibaki hivyo kwa muda, mama mwenye nyumba isiyo na kuta na mzee wa mizani amefunikwa kichwa, na chini ya kitambaa Mzee Henri alikuwa anacheka, au analia, hata yeye mwenyewe angeshindwa kusema. Casimir naye alikuwa ameshikilia mnyaa wa pili. Wachota maji wawili wakaja kusaidia bila kuitwa.

Walipomaliza kung'oa na kuchora mpaka mpya nusu mita upande wa Mzee Henri, Bwana Élie alipima tena.

"Tatu na sentimetre tano," alisema. "Munabakisha hata njia ya kuku." Akairudisha kalamu nyekundu mfukoni. "Plani mupya, vipimo vya kweli, sahihi ya Mzee. Kesho mbele ya saa sita. Nisipate hata mukwaruzo."

Placide alikuwa amekwisha kukaa juu ya rundo la matofali, rula mapajani. Alichora mpaka saa tisa, na kila ukuta alikwenda kuupima mwenyewe kwa utepe wa kuazima, jua la utosi likimchoma shingo, bila kulalamika na bila kuomba hata dola. Mzee Henri alitia sahihi mwisho. Alivaa miwani, akasoma kutoka juu mpaka chini, bila haraka, na mahali pa jina akaandika majina yake yote matatu.

* * *

Kibali kilitoka Alhamisi iliyofuata. Aline alikuwa amejiandaa kwa benchi, kwa rudi kesho, kwa nafasi pembeni ya karatasi. Lakini Bwana Élie alimwita wa kwanza, akamsukumia karatasi moja kwenye meza. Moja tu. Muhuri ulikuwa bado unang'aa wino.

"Ni hii?" Aline aliuliza.

"Ni hiyo. Mulianza bila ruhusa, mulilipa faini, mulipata ruhusa. Mujenge."

Alitaka kusema asante, akaanza kulia, pale pale, mbele ya benchi zima. Alilia kwa sauti kama mtoto, karatasi ameinua juu isilowe. Bwana Élie alimtazama kwa wasiwasi, kisha akampa leso yake, akakumbuka mafua, akaichukua tena.

"Hapa bantu banatoka na matusi," alisema. "Machozi sijazoea. Endeni, mama. Mawingu inakuya."

Casimir alikuwa anangoja nje. Aliisoma ile karatasi, yeye aliyesoma polepole, mpaka kwenye tarehe, akamrudishia mkewe ili aibebe yeye. Walitembea haraka, halafu wakakimbia, watu wazima wawili wanakimbia mchana kweupe kwenye barabara ya Fizi, wakicheka kwa kukosa pumzi. Mafundi watatu waliokuwa wakingoja chini ya hema hawakuuliza kitu. Walimwona Aline alivyoshika karatasi, wakaanza kuchanganya udongo.

Saa kumi safu mbili za kwanza zilikuwa zimezunguka msingi wote. Zilifika gotini, zikiwa na mapengo ya milango. Aline alivua kandambili, akafuta miguu, akaingia kupitia mahali ambapo mlango wa mbele ungekuwa, ingawa pande zote palikuwa wazi na angeweza kuvuka popote. Akapita sebule. Akageuka kulia, akaingia chumba ambacho kwenye plani ya Placide kiliandikwa namba mbili. Akakaa chini, kwenye udongo mtupu, akaegemea matofali yaliyokuwa bado na unyevu wa udongo wa kujengea, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake bila kumgusa mtu.

Casimir alipita na ndoo, akasimama.

"Mama Vanessa, unafanya nini mule?"

"Niko nakaa," alisema. Akafumba macho. "Niko naikala kwangu."